Somo la Historia: Uzi Uyeyukao na Dawa ya Saratani

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni SARATANI. Someni pamoja: sa-ra-ta-ni.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote. Kisu hakikufaa kitu. Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili walipanda motokaa kuukuu, wakashuka hadi Afrika ya Kusini wakiuliza hospitali kwa hospitali, Tanganyika ikiwamo. Waliona kwamba saratani hii hukaa nchi za chini zenye joto na malaria, si milimani penye baridi. Basi ninyi mkaao bondeni Usangu, tegeni masikio kuliko wenzenu wa Mbeya mjini.

Dawa zikapatikana. Zilipochomwa mshipani, uvimbe wa watoto wengi ulinywea kwa siku chache. Lakini dawa hizo ni kali kama sumu. Huzunguka mwili mzima. Nywele hunyonyoka, mgonjwa hutapika. Je, haziwezi kukaa palepale penye uvimbe?

Jibu lilianzia kwenye uzi. Akina mama, wengine wenu mlishonwa baada ya kuzaa, na hakuna aliyekuja kuufumua uzi ule. Uliyeyuka wenyewe. Uzi wa namna hiyo uliotengenezwa kiwandani ulianza kuuzwa karibu na mwaka 1970. Wataalamu wakawaza: tukiichanganya dawa na kitu kama hiki, itatoka polepole. Fikirini donge la chumvi mnalowawekea ng'ombe walambe; halimaliziki siku moja.

Mwaka 1989 Marekani iliruhusu sindano ya chembe ndogo ziyeyukazo, kwa saratani ya tezi dume. Sindano moja ilitosha mwezi mzima, ingawa dawa hiyo bado ilizunguka mwilini. Mwaka 1996 viliruhusiwa vidonge bapa vinavyoachwa ndani ya ubongo baada ya kupasua. Hapo dawa ilikaa mahali pake kweli.

Uvimbe wa taya haujapata dawa ya namna hiyo. Mtoto bado huchomwa mshipani, na akifikishwa mapema wengi hupona. Meno ya mtoto yakilegea na taya likavimba, msikimbilie kung'oa jino, mpelekeni hospitali.

Sasa andikeni: taya, uvimbe, uzi, sindano. Kwaherini.