Watoto Wadogo wa Rufiji na Walezi Wao

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Kilwa siku hizi hupita Kibiti, hufika Ikwiriri, kisha huvuka mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Safari hiyo ni ya saa chache tu. Lakini zamani nchi hiyo ilipitiwa na watoto wengi ambao hapana mtu njiani aliyejua majina yao, na habari zao zafaa kusimuliwa leo, kwa kuwa wako wasemao kwamba mambo ya haki za watoto na ulinzi wao ni mapya, tena ni ya wageni. Sisi twaona ya kuwa katika nchi ya Rufiji jambo hili ni la zamani sana.

Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Wafanyabiashara wa Kilwa hawakuacha kazi yao. Waliacha majahazi tu. Wakaanza kuwapeleka watumwa kwa miguu kuelekea kaskazini, wakivuka Rufiji, ili wauzwe huko mbele au wavushwe kwa siri kwenda Pemba. Mwisho wa mwaka ule Bwana Frederic Elton, aliyekuwa makamu wa Balozi wa Kiingereza, alisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa, akakutana na misafara hiyo uso kwa uso. Tangu tarehe 21 Desemba 1873 hata 20 Januari 1874 alihesabu watumwa 4,096. Wengine walikuwa vijana na wanawake waliofungwa pamoja kwa minyororo na pete za chuma shingoni.

Katika biashara ya Kilwa ya miaka ile watoto walikuwa wengi, na sababu yake ni rahisi kufahamu. Mtoto ni mwepesi kuchukuliwa, hana nguvu za kukimbia, tena husahau upesi njia ya kwao. Elton alifanya kazi njema, maana hesabu yake ilisaidia kuamsha watu, na mwezi wa Aprili 1876 Seyyid Barghash akapiga marufuku misafara ya nchi kavu pia. Hata hivyo 4,096 ni hesabu ya vichwa. Katika hesabu hiyo hamna jina hata moja, wala jina la mama, wala la kijiji.

Waliookolewa baharini na barani wengi walipelekwa kwa wamisionari: Bagamoyo, na Kiungani na Mbweni huko Unguja, na Frere Town karibu na Mombasa. Mwaka 1864 Askofu Tozer alikuwa amekwisha pewa na Sultani wavulana watano waliokamatwa katika jahazi. Watoto hao walipata chakula, nguo na elimu, na wengine wao wakawa walimu wa kwanza wa nchi hii. Twashukuru kwa hayo. Lakini yatupasa kusema pia kwamba wengi hawakurudi kwao kamwe, kwa kuwa mtoto wa miaka mitano hawezi kueleza kijiji chake kiko upande gani wa ziwa. Walipewa majina mapya. Ulinzi waliupata, jamaa zao hawakuwapata.

Serikali ya Kijerumani haikufuta utumwa, ila mwishoni mwa mwaka 1904 ilitoa amri kwamba kila mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru. Wasomaji waifikiri amri hiyo kidogo. Haki ya mtoto ilisimama juu ya siku ya kuzaliwa kwake, nayo siku hiyo haikuandikwa popote. Mwenye mtumwa angeweza kusema, "Huyu alizaliwa kabla," na nani angebisha? Utumwa wenyewe haukufutwa kabisa hata mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Tena kabla tarehe ile haijafika, nchi ilikwisha waka moto. Vita vya Maji Maji vilianza mwezi wa Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, kusini mwa Rufiji, na Kinjikitile wa Ngarambe akanyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti. Majeshi ya Wajerumani yalichoma vyakula na mashamba, ikaja njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Wakati wa njaa ndipo ilipoonekana desturi nyingine ambayo wazee hawapendi kuitaja, yaani kumweka mtoto rehani kwa mtu mwenye chakula. Baba alikusudia kumkomboa baada ya mavuno. Kama baba alikufa, mtoto alibaki kwa mlezi asiye na mtu wa kumwuliza habari zake.

Hatusemi hayo ili kuwaaibisha wazee wetu. Malezi ya siku za amani yalikuwa na ulinzi wake. Watu wa bonde la Rufiji walilima mpunga penye maji ya mto, na wakati wa kuulinda na ndege na nguruwe walihamia shambani, wakakaa katika dungu, kibanda kilichojengwa juu ya nguzo ndefu. Mama, bibi na watoto walikaa humo kwa majuma mengi. Mtoto alikuwa mbele ya macho ya watu wanaomjua. Hatari hazikukosekana: mto una mamba na viboko, na simba hawajaacha kuja mashambani hata miaka ya karibuni. Wataalamu waliohesabu waliona kwamba kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 katika Tanzania, na Rufiji ni moja ya nchi zilizoumia zaidi.

Baada ya gharika kubwa ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni wakae katika vijiji vya ujamaa juu penye nchi kavu. Huko walisogezewa shule na dawa, lakini mashamba ya mpunga yalibaki bondeni. Basi mama alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: amchukue mtoto mpaka dungu, akose kliniki, au amwache kijijini na dada yake wa miaka tisa. Vituo vya kulelea watoto mchana vilikuwa dawa ya shida kama hiyo, na mwaka 1981 ikatungwa sheria ya kuviandikisha na kuvikagua.

Mwaka 1998 kilianza kitu ambacho Elton hakukifanya. Watu wa utafiti wa afya walianza kupita nyumba kwa nyumba katika sehemu kubwa ya Rufiji, pamoja na Kibiti, mara tatu kila mwaka, wakiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa na kwa ugonjwa gani. Wakaona malaria inaua watoto wengi kuliko fedha za wilaya zilivyoonyesha, wakubwa wakageuza matumizi, na katika miaka michache vifo vya watoto vikapungua sana.

Lakini daftari la vifo haliandiki mapigo. Mwaka 2009 vijana wa nchi nzima wenye miaka 13 hata 24 waliulizwa habari za utoto wao. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walitendewa mabaya ya kijinsia kabla ya miaka 18. Na kama robo tatu walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au mijeledi, hasa na jamaa zao na walimu. Neno hilo la mwisho latuuma sisi tulio walimu, wala hatuwezi kulipita kimya. Mwenye kumdhuru mtoto hakuwa mtu wa msafara anayepita. Mara nyingi alikuwa mtu amjuaye kwa jina.

Mwaka huo huo Bunge lilitunga Sheria ya Mtoto, namba 21 ya 2009. Humo mtoto ni kila mtu asiyefika miaka 18. Anayo haki ya jina, na haki ya kuwajua wazazi wake. Kituo cha kulelea watoto wadogo hakiwezi kufunguliwa bila kuandikishwa. Kumrudi mtoto hakukukatazwa kabisa, ila kusipite kiasi wala umri wake. Na hapo twaona sheria imeacha mlango wazi kidogo, maana kila mpigaji husema kiasi chake ndicho kiasi. Tena sheria hiyo yamlazimisha kila mtu wa jamii aliye na habari ya mtoto anayedhulumiwa aipeleke kwa serikali ya mtaa au kijiji, naye ofisa wa ustawi wa jamii aifuate. Haisemi "mzazi" wala "jamaa". Jirani asikiaye kilio usiku katika nyumba ya pili, huko Kibiti au katika visiwa vya delta, hana ruhusa tena ya kusema kwamba ni mambo ya ndani ya watu.