Insha Elfu Nne za City College

Mwaka 1847 wapiga kura wa New York waliridhia kianzishwe chuo cha bure kwa vijana ambao wazazi wao hawakuwa na uwezo. Ndicho kilichokuja kuitwa City College. Ada hakikutoza, lakini waombaji walipozidi, alama za kuingilia nazo zilipanda. Kufikia miaka ya 1960 chuo hicho, kilichomo Harlem, mtaa wa Weusi wengi, kilikuwa na wanafunzi wachache mno Weusi na wenye asili ya Puerto Rico. Aprili 1969 wanafunzi hao walifunga malango ya upande wa kusini wa chuo na kudai nafasi.

Wakubwa wa Chuo Kikuu cha Jiji, CUNY, ambacho City College ni sehemu yake, walikuwa wamepanga kulegeza udahili mwaka 1975. Kwa shinikizo hilo wakauanza 1970. Kila aliyemaliza sekondari jijini akahakikishiwa nafasi, na wanafunzi wapya wapatao 35,000 wakamiminika. Sasa ilibidi ijulikane kila mmoja aanzie darasa gani.

Kazi hiyo ilimwangukia, miongoni mwa wengine, Mina Shaughnessy, msimamizi wa ufundishaji wa uandishi. Alipitia insha zipatazo 4,000 ambazo wageni hao waliziandika kati ya 1970 na 1974 ili wapangiwe madarasa. Palikuwa na vitenzi vilivyokosa alama ya wakati uliopita, herufi ya wingi mahali pasipostahili, sentensi zilizokatika njiani. Wengi waliona uzembe. Yeye aliyapanga makosa kwa aina zake, akagundua kwamba mwandishi alifuata kanuni: pengine ya Kiingereza cha nyumbani kwao, pengine ya shuleni aliyoielewa nusunusu. Mwaka 1977 aliyaeleza hayo katika kitabu chake *Errors and Expectations*, na walimu wengi wakaanza kuzisoma insha kwa jicho jingine.

Lakini jiji lilikuwa limekaribia kufilisika. Mwaka 1976 elimu ya bure ilikoma, na 1978 ikaja mitihani ya pamoja kwa vyuo vya CUNY. Insha iliandikwa kwa dakika 50. Wasahihishaji wawili walitoa kila mmoja alama 1 hadi 6, na aliyepungukiwa na jumla ya 8 alipelekwa kwenye kozi za maandalizi zisizohesabiwa katika shahada. Mwaka 1999 bodi ya CUNY iliamua kuziondoa kozi hizo katika vyuo vya miaka minne, na aliyefeli akakosa nafasi huko. Kipimo kilichokusudiwa kumwonyesha mwalimu pa kuanzia kikageuka kufuli, na hasara ikawa ya wale wale waliopigania lango.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha kwamba wengi waliopelekwa maandalizi wangefaulu kozi ya kawaida, na kwamba alama za sekondari zilitabiri vizuri zaidi kuliko mitihani ya kupangia madarasa. California ilitunga sheria ya kuzitumia alama hizo mwaka 2017. CUNY yenyewe, kufikia 2023, ilikuwa imeachana na kozi za maandalizi za mtindo wa zamani: mwanafunzi anayehitaji msaada huingia darasa la chuo moja kwa moja, na kuongezewa saa za kufundishwa katika muhula huohuo.