Kupigana Bila Kuwepo: Historia ya Vita vya Anga vya Mbali

Kabla ndege haijavumbuliwa, binadamu alikwisha kutafuta namna ya kumpiga adui kutoka angani bila yeye mwenyewe kupanda huko. Mwaka 1849, jeshi la Austria lilipouzingira mji wa Venice, afisa wa mizinga Franz von Uchatius alitengeneza maputo yaliyobeba mabomu yenye tambi za kuungua taratibu, yakaachiwa yapeperushwe na upepo kuelekea mjini. Madhara yake yalikuwa madogo, na baadhi ya maputo yalirudishwa na upepo kwa walioyatuma. Hata hivyo wazo lilikuwa limekamilika: silaha iende, askari abaki. Kilichokosekana ni jicho. Aliyeachia puto hakujua linaangukia wapi wala linamuua nani. Sehemu kubwa ya historia iliyofuata ni ya kulitafuta jicho hilo, na kadiri lilivyopatikana ndivyo kuwa vitani kulivyobadilika, kwa anayepiga na kwa anayepigwa.

Hatua moja ya mapema ilipigwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza huko Zanzibar Septemba 1914, ilijificha ndani ya delta ya Rufiji, nyuma ya mikoko, mahali ambapo meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa sababu ya kina kifupi cha maji. Waingereza wakaleta kutoka Malta meli mbili bapa, Severn na Mersey, na ndege zikawekwa kisiwani Mafia. Wapiga mizinga wa meli hizo hawakuiona kabisa shabaha yao. Waliona miti tu. Mtu aliyekaa ndegeni ndiye aliyeona kombora limeangukia wapi, akawapelekea masahihisho kwa redio: sogeza mbele, rudisha nyuma, kulia kidogo. Jaribio la tarehe 6 Julai 1915 halikufua dafu. Siku tano baadaye rubani John Cull na mwangalizi wake, Arnold, waliendelea kutuma masahihisho hata baada ya ndege yao kupigwa na kuanza kushuka. Walianguka mtoni, wakaokolewa, na siku hiyo hiyo Königsberg ikateketea. Mzinga wake mmoja umewekwa Fort Jesus, Mombasa. Pale Rufiji jicho na mkono vilikuwa vimetengana kwa kilomita nyingi, ila jicho bado lilikuwa na mwili wa mtu, na mwili huo uliweza kuanguka.

Miaka mitano baadaye, katika Somalia ya Waingereza, ilidhihirika jinsi hatari inavyoweza kuwa ya upande mmoja. Madarwishi wa Sayyid Muhammad Abdullah Hassan walikuwa wamepigana na Waingereza kwa takriban miaka 20, wakijikinga kwa ngome za mawe, ngamia na ujuzi wa nyika. Januari 1920 ndege 12 zilianza kuzipiga kambi na ngome zao, zikishirikiana na majeshi ya nchi kavu, na katika majuma machache nguvu yao ilivunjika. Madarwishi hawakuwa na ndege hata moja. London ilivutiwa sana na unafuu wa gharama wa kampeni hiyo, na mtindo wa kutawala kwa mabomu ya angani ukapelekwa Iraki. Kifo cha askari wa upande wenye ndege kilianza kuonekana kama ajali inayoweza kuepukwa. Kwa walio chini, vita vilibaki vile vile.

Kwa muda mrefu, hata hivyo, kumtoa rubani ndegeni kulishindikana. Mwaka 1935 Waingereza walianza kutumia Queen Bee, ndege iliyoongozwa kwa redio ili wapiga mizinga wajifunzie shabaha. Septemba 1943 bomu la Kijerumani lililoongozwa kwa redio liliizamisha manowari ya Italia, Roma, lakini aliyeliongoza alilazimika kulitazama kwa macho yake mpaka lifike, naye yuko juu ya adui. Mwaka uliofuata Wamarekani walijaribu kuzijaza ndege kuukuu baruti, marubani wazirushe kisha waruke kwa miavuli na kuacha redio ziongoze. Joseph Kennedy mdogo, kaka wa rais wa baadaye, alikufa tarehe 12 Agosti 1944 ndege yake ilipolipuka kabla hajaruka. Katika vita vya Vietnam, ndege zisizo na rubani (droni) za Marekani ziliruka zaidi ya mara 3,000 kupiga picha, lakini picha nyingi zilirudi kwenye filamu ya kusafishwa, kwa hiyo zilionyesha mambo yaliyokwisha kupita. Waisraeli ndio walioonyesha faida ya picha inayofika papo hapo. Mwaka 1982, katika Bonde la Bekaa nchini Lebanon, ndege zao ndogo zisizo na rubani ziliwasaidia kuifichua na kuihadaa mitambo ya Siria ya kutungulia ndege, na mitambo hiyo ikaharibiwa kwa muda mfupi.

Kutoka Israel hiyo alitoka pia Abraham Karem, mhandisi mzaliwa wa Baghdad aliyehamia Marekani na kuanza kuunda ndege katika gereji ya nyumba yake Los Angeles. Kazi yake ndiyo iliyozaa Predator, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1994 na kupelekwa Bosnia mwaka uliofuata. Haikuwa na kasi, wala umbo lake halikumtisha mtu. Nguvu yake ilikuwa subira: iliweza kukaa angani kwa takriban siku nzima, ikiangalia mahali pamoja. Setilaiti zilipounganishwa nayo, aliyeiongoza hakuhitaji tena kuwa karibu nayo. Februari 2001 ilifyatua kombora la Hellfire katika majaribio jangwani Nevada, na Oktoba mwaka huo ilikuwa angani Afghanistan ikiwa na silaha. Novemba 2002 kombora kutoka Predator liliilipua gari nchini Yemen, mbali na uwanja wowote wa vita uliotangazwa. Hapo jicho na mkono vilikutana tena katika chombo kimoja, na mwili wa askari ukabaki nyumbani.

Nyumbani huko, kwa wengi, ni kambi ya Creech, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Las Vegas. Chumba cha kazi kinafanana na kontena: hakina dirisha, kinapozwa kwa sababu ya mitambo, na kimejaa skrini. Rubani hukaa kushoto, mwendesha kamera kulia. Ishara kutoka kwenye ndege hupitia setilaiti na nyaya, hivyo picha huchelewa kwa sekunde moja au mbili. Ucheleweshaji huo ndio unaofanya kurusha na kutua kuachiwe kikosi kingine kilicho karibu na uwanja halisi. Zamu huweza kufika saa 12. Ikiisha, mtu hutoka nje kwenye jua la Nevada, huendesha gari hadi nyumbani, akapita dukani, akawasaidia watoto kazi za shule. Askari wa zamani alikuwa na meli, treni au angalau safari ndefu ya kumtoa vitani na kumrudisha kwa watu wake. Huyu hana safari hiyo, na kuikosa ni mojawapo ya mabadiliko makubwa ya kazi yake.

Badiliko jingine ni ukaribu. Rubani wa ndege ya kivita hudondosha bomu na kuondoka kwa kasi. Huona moshi, haoni uso. Waendeshaji wa Predator waliweza, na wale wa Reaper iliyoirithi huweza, kumfuatilia mtu kwa siku au majuma: anaamka saa ngapi, anakaa na nani, watoto wake wanacheza wapi. Kombora likishatua wao hubaki pale pale wakitazama. Huhesabu miili, huona majirani wakija, wakati mwingine huona mazishi. Kamera ya joto huonyesha mwili wa mtu kama umbo jeupe, na waliofanya kazi hiyo wamesimulia jinsi damu iliyomwagika inavyong'aa kwanza, kisha ikafifia kadiri inavyopoa. Anayeua kutoka umbali wa kilomita 12,000 huweza kuona zaidi ya askari aliyekuwa mita mia kutoka kwa adui yake.

Kuona, lakini, si kujua. Alfajiri ya tarehe 21 Februari 2010, katika jimbo la Uruzgan, Afghanistan, magari matatu yalikuwa njiani yamejaa abiria. Kikosi maalumu cha Marekani kilikuwa karibu, na Predator iliyoongozwa kutoka Creech iliyafuata magari hayo kwa saa kadhaa, huku wachambuzi wa picha wakitazama kutoka Florida. Mazungumzo yao yalirekodiwa. Wachambuzi walitaja watoto. Katika chumba cha Nevada taarifa hiyo ilipingwa, ikapunguzwa, mwishowe watoto wakageuka vijana wa kubeba silaha. Abiria waliposimama kusali, sala yao ilisomwa kama dalili ya uadui. Helikopta zikaitwa, zikafyatua. Ni baada ya hapo tu kamera ilipoonyesha wanawake wenye nguo za rangi na watoto mikononi. Marekani ilihesabu waliouawa kuwa 15 au 16. Wazee wa vijiji vyao walisema ni 23, wakiwamo wavulana wawili wadogo. Uchunguzi wa jeshi uliilaumu timu ya Predator kwa taarifa zisizo sahihi na zisizo za kitaalamu. Picha haikuwa mbovu kuliko siku nyingine. Watu waliokuwa wakiitazama walikwisha kuamua wanachotaka kukiona, na hapakuwa na hatari yoyote juu yao iliyowalazimisha kufanya haraka.

Je, kazi hii huacha majeraha? Utafiti wa kitabibu wa jeshi la Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwalinganisha marubani wa mbali na wale wa ndege za kawaida, ukakuta viwango vya matatizo ya akili vinakaribiana. Tafiti nyingine zilionyesha kuwa kinacholalamikiwa zaidi ni zamu ndefu, uchache wa watu na kubadilishwa kwa usiku na mchana. Kiwewe chenyewe huwapata wachache. Uchovu huo ulikuwa wa kweli kiasi kwamba mwaka 2015 jeshi la anga lilipunguza idadi ya doria zake za kila siku kutoka 65 hadi 60. Jamii ya wanajeshi nayo haikukubaliana kama huo ni upiganaji. Februari 2013 Waziri wa Ulinzi Leon Panetta alitangaza nishani mpya ambayo waendeshaji wa droni wangeweza kuipata, ikiwekwa juu ya nishani ya Nyota ya Shaba. Maveterani walipinga vikali: aliyekaa katika chumba cha baridi Nevada angewezaje kumpita aliyemwaga damu? Miezi miwili baadaye mrithi wake, Chuck Hagel, aliifuta.

Upande wa pili wa kamera mjadala huo wa nishani hauna maana. Huko Waziristan, Pakistan, ambako mwaka 2010 mashambulizi yalizidi 100, wakazi walieleza maisha chini ya mlio wa droni usiokoma mchana na usiku. Machi 2011 kombora liliupiga mkutano wa wazee waliokuwa wakisuluhisha mgogoro wa mgodi huko Datta Khel, na makumi ya watu wakafa. Baada ya hapo kukusanyika kwenyewe kukawa jambo la kuogopwa, iwe kwa mazishi au kwa baraza. Mwaka 2013 mvulana wa miaka 13, ambaye bibi yake aliuawa shambani, aliwaambia wabunge wa Marekani mjini Washington kwamba hapendi tena anga la buluu, kwa kuwa droni huja anga likiwa safi. Katika vita vya zamani mtu aliweza kukimbia mstari wa mbele. Hapa mstari wa mbele ulikuwa juu ya paa, na aliyeuleta hakuweza kupigwa, kuombwa wala kusikika.

Afrika Mashariki iliingia tena katika historia hii kama mahali pa kurukia. Ndege zilizotumwa Somalia, ambako kiongozi wa kundi la wapiganaji la Al-Shabaab, Ahmed Godane, aliuawa kwa shambulio la anga la Marekani Septemba 2014, ziliruka hasa kutoka Djibouti. Umbali wa waendeshaji haukuwalinda wote kwa usawa, kwa maana kila uwanja unahitaji mafundi na walinzi. Tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab waliuvamia uwanja wa Manda Bay, kaunti ya Lamu, ambako Marekani iliweka ndege za upelelezi. Wamarekani watatu waliuawa na ndege kadhaa ziliharibiwa. Huko Goma, mashariki mwa Kongo, Umoja wa Mataifa ulianza kurusha droni zake za kwanza za upelelezi Desemba 2013, zisizo na silaha. Droni zenye silaha nazo zilienea haraka: Januari 2022 shambulio la droni katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Dedebit, Tigray, nchini Ethiopia, liliua watu zaidi ya 50.

Vita vya Ukraine vimegeuza tena mambo. Droni ndogo inayoongozwa kwa miwani ya skrini hugharimu dola mia kadhaa, na anayeiongoza hukaa kilomita chache tu kutoka kwa shabaha, ndani ya handaki au chumba cha chini cha nyumba. Yeye mwenyewe anawindwa: antena yake hutafutwa, na mahali pake pakijulikana hupigwa kwa mizinga au droni nyingine. Barabara za karibu na mapigano zimefunikwa kwa nyavu, majeruhi husubiri giza au ukungu ili waondolewe, na Mei 2023, karibu na Bakhmut, askari mmoja wa Kirusi alijisalimisha kwa droni, akaifuata kwa miguu hadi upande wa pili. Kila upande ukijaribu kukata mawimbi ya redio ya mwenzake, droni nyingine sasa huburuta uzi mwembamba wa faiba, na nyingine hupewa programu ili zenyewe ziifuate shabaha katika sekunde za mwisho, mawasiliano yakikatika. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, amezitaka nchi zifikie kabla ya mwisho wa 2026 mkataba wa kupiga marufuku silaha zinazoua bila binadamu kuamua.