Ufa wa kasha la injini ya pikipiki

Ufa wa kasha la injini ni mpasuko katika ganda la alumini linalobeba gia na oili. Katika Kaunti ya Kwale, bodaboda kuukuu huupata kwa kugongwa na mawe kwenye njia za vumbi zinazochepuka kutoka barabara ya Likoni–Lunga Lunga, inayopitia Ukunda na Msambweni, au mnyororo unapokatika.

Fundi humwaga oili, husafisha mafuta yote, hutoboa ncha za ufa usiendelee, kisha huuchimba mfereji na kuuchomelea chini ya kinga ya gesi ya agoni. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini utando wake wa oksidi hustahimili zaidi ya 2,000. Hivyo utando huo hukwanguliwa kwanza. Gundi ya chuma hufaa nyufa ndogo zisizobeba mzigo.