Kasha la Chuma na Karani wa Mlangoni

Mji wa Eldoret ulianza katika shamba nambari 64, na kwa ajili hiyo wenyeji waliuita Sisibo. Yasimuliwa kwamba benki ilipofika huko mwaka 1912, kasha la chuma la kuwekea fedha lilianguka lilipokuwa likishushwa garini, wala halikuinulika tena; basi kuta za benki zikajengwa palepale, zikalizunguka. Huenda habari hii imetiwa chumvi. Lakini katika benki yoyote mwenye fedha haendi penye kasha: husimama mbele ya karani, hutoa hati yake, na karani huingia ndani kumletea.

Miaka tisini hivi baadaye palitokea huko hazina ya namna nyingine. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kusini ya Eldoret, kilianza kutunza habari za wagonjwa katika kompyuta. Kazi hiyo ilipopanuka, Burke Mamlin na Paul Biondich, waganga kutoka Indiana, Marekani, walianza mwaka 2004 kuunda programu iitwayo OpenMRS, nayo ikatumika Eldoret tangu 2006. Humo mna jina la mgonjwa, dawa zake, na kama ana virusi vya UKIMWI. Siri hiyo ikitoka huweza kuvunja ndoa ya mtu.

Seva ikifungiwa chumbani, kufuli yatosha. Lakini mganga aliye katika kliniki ya mbali azihitaji habari zizo hizo, na kuiweka seva wazi katika intaneti ni kuliacha kasha barabarani. Hapo hutumika proksi ya kinyume. Proksi ya kawaida huwatumikia watu wa ndani waendao nje. Hii huwapokea wageni watokao nje. Huyageuza mazungumzo yao kuwa fumbo lisilosomeka njiani, huwakataa wasiotakiwa, kisha huenda yenyewe kwa seva kuleta jawabu. Mojawapo ni nginx, aliyoitoa Mrusi Igor Sysoev mwaka 2004. Toleo la tatu la OpenMRS limepangwa hivyo: nginx mbele, programu na kumbukumbu nyuma.

Lakini karani hafai kitu ikiwa nyumba ina mlango wa nyuma. Yawezekana fundi akaulinda vema mlango nambari 443, kisha akausahau ule wa 8080, ambamo programu yenyewe husikiliza, ukabaki wazi kwa ulimwengu wote. Mwizi apitaye huko hana haja hata ya kumwamkia karani.