Doe Hakuwahi Kuzaliwa: Kusoma Kumbukumbu za Kale za Mahakama za Uingereza

Anayezifungua kumbukumbu hizi kwa mara ya kwanza hulalamikia mwandiko: Kilatini cha mkato, herufi zilizobanana, vipande vya ngozi vilivyoshonwa pamoja. Ana haki ya kulalamika, maana Kilatini kilitawala hati za mahakama hadi 1733, ukiacha miaka michache ya jamhuri katikati ya karne ya 17. Lakini kikwazo kikubwa zaidi ni kutoijua ofisi iliyoandika hati na haja iliyoifanya iandike. Katika hifadhi ya taifa huko Kew, London, nyaraka zimepangwa kwa mahakama na idara zilizozitoa. Msaka kesi ya deni la karne ya 15 lazima ajue kwanza kwamba madeni ya raia kwa kawaida yalipelekwa Mahakama ya Common Pleas, ndipo aagize mfululizo wa CP 40. Tarehe nazo zina mwenyewe. Charles I alikatwa kichwa Januari 30, 1649, ila kwa makarani wa siku hizo ulikuwa bado 1648, kwani hadi 1752 mwaka wao ulianza Machi 25. Mwanawe alirejea kutawala 1660, na hati za mwaka huo zinautaja mwaka wa 12 wa utawala wake. Ulihesabiwa tangu kifo cha baba, kana kwamba jamhuri haikuwahi kuwapo. Huo ni msimamo wa kisiasa uliovikwa vazi la tarehe.

Watasema kompyuta sasa zinasoma miandiko hiyo, na picha za hati zimejaa mtandaoni. Ni msaada mkubwa, naushukuru. Ila kompyuta itakusomea kwa usahihi kwamba fulani alifanya uvamizi Middlesex, kumbe hajawahi kukanyaga huko. Hadi 1832 shtaka hilo lilibuniwa ili mdaiwa awe mikononi mwa King's Bench, kisha mahakama hiyo isikilize deni ambalo vinginevyo halikuwa lake. Je, hati zenye uongo wa namna hiyo zina thamani gani? Kubwa mno, kwa sababu uongo wenyewe ulikuwa na kanuni. Katika kesi za ardhi za kabla ya 1852, mpangaji John Doe ni wa kubuni, na Richard Roe anayedaiwa kumfukuza ni wa kubuni vilevile. Mdai halisi ametajwa papo hapo, kama mtu aliyempangisha Doe.