Orodha za Darasani: Historia ya Kibali cha Utafiti kutoka Niboye

Niboye ni mojawapo ya sekta 10 za wilaya ya Kicukiro, jijini Kigali. Wanafunzi wamejaa huko: watoto wa msingi asubuhi, vijana wa sekondari, na wanachuo wa chuo cha ufundi ambacho leo kiko chini ya Rwanda Polytechnic. Pale kilipo chuo hicho ndipo ilipokuwa ETO, shule ya ufundi iliyoendeshwa na mapadri Wasalesiani wa Don Bosco. Tarehe 11 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, askari wa Ubelgiji wa jeshi la Umoja wa Mataifa waliokuwa na kambi shuleni hapo waliondoka, wakawaacha zaidi ya watu 2,000 waliokuwa wamekimbilia humo. Siku hiyo hiyo wengi wao waliswagwa hadi Nyanza ya Kicukiro, wakauawa.

Katika eneo lenye kumbukumbu kama hiyo, mwanafunzi wa shahada anayeandaa tasnifu haingii darasani akaanza kuuliza maswali. Hutakiwa kwanza kuwa na barua ya utambulisho ya chuo chake, kibali cha maadili ya utafiti, ruhusa ya mamlaka ya elimu, na ridhaa ya mzazi kabla mtoto hajafungua kinywa. Wanafunzi wengi huiona safari hiyo kuwa ndefu mno kwa hojaji ya kurasa 2. Historia ya shule za Rwanda ndiyo inayoeleza kwa nini kila swali linaloulizwa darasani linastahili kupimwa kabla.

Mwanzo wake uko katika miaka ya utawala wa Wabelgiji. Mwaka 1929 Mabruda wa Karita walianzisha Groupe Scolaire huko Astrida, mji unaoitwa sasa Huye, ili kuwafundisha watumishi wa serikali ya kikoloni. Miaka michache baadaye, sensa ya 1933 na 1934 ilifuatwa na vitambulisho vilivyoandikwa kabila la kila mwenye nacho. Tangu hapo kabila likawa jambo la kuandikwa: likaandikwa ofisini, kanisani na shuleni.

Kisha wakaja wanasayansi. Mwaka 1947 Ubelgiji iliunda taasisi ya utafiti wa kisayansi katika Afrika ya Kati, IRSAC, na Astrida ikawa na kituo chake cha sayansi za jamii. Jean Hiernaux alipima vimo, pua na vichwa vya watu wa Ruanda na Urundi. Jacques Maquet, katika kitabu chake cha 1954 kuhusu jamii ya kale ya Rwanda, alitegemea majibu ya wazee ambao wengi wao walikuwa Watutsi, na picha aliyoichora ya nchi nzima ikafuata kauli za wale waliohojiwa. Enzi hizo hakukuwa na kamati ya kumtaka mtafiti aeleze atapima nani, kwa ridhaa gani, na matokeo yatamfaa nani. Aliyepimwa alisimama akapimwa, kwa kuwa aliyemwita alikuwa na nguvu ya serikali nyuma yake.

Uhuru ulikuja 1962 na Chuo Kikuu cha Taifa kikafunguliwa Butare, yaani Astrida ya zamani, mwaka 1963. Mwaka 1966 iliundwa taasisi ya taifa ya ualimu, iliyounganishwa na chuo kikuu hicho mwaka 1981. Wanyarwanda wakaanza kuandika tasnifu zao wenyewe kuhusu shule zao wenyewe. Orodha za kikoloni, hata hivyo, hazikufutwa. Februari 1973, majina ya wanafunzi Watutsi yalibandikwa kwenye mbao za matangazo za chuo kikuu na za shule za sekondari, na waliotajwa wakafukuzwa. Chini ya Juvénal Habyarimana, aliyetwaa madaraka Julai mwaka huo, sera ya iringaniza iligawa nafasi za sekondari kwa kabila na kwa mkoa. Watu wengi waliosoma wakati huo wanasimulia jambo lile lile: mwalimu alisema Wahutu wasimame, kisha Watutsi wasimame, akahesabu na kuandika. Kuna watoto waliolijua kabila lao kwa mara ya kwanza siku hiyo, mbele ya wenzao.

Mwalimu aliyehesabu huenda hakujiona kuwa anafanya jambo la hatari. Alikuwa akijaza fomu. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno lililoandikwa katika kitambulisho liliamua nani apite na nani auawe. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kabila liliondolewa kwenye vitambulisho, na shule zikaacha kuliandika.

Wakati hayo yakitokea Rwanda, dunia nayo ilikuwa ikijifunza kwa gharama ya watu wengine. Kanuni za Nuremberg za 1947, zilizotoka katika kesi ya madaktari wa Kinazi, zilitamka kwamba ridhaa ya hiari ya mhusika haina mbadala. Azimio la Helsinki la 1964 liliwapa madaktari mwongozo wao. Watoto wa shule, hata hivyo, walichelewa kulindwa. Katika shule ya Fernald, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kati ya 1946 na 1953 wavulana waliwekwa katika kile kilichoitwa klabu ya sayansi na kulishwa uji wenye chembe za mionzi. Barua zilizotumwa kwa wazazi hazikuitaja mionzi hiyo. Katika shule ya Willowbrook, New York, kuanzia 1956, watoto wenye ulemavu wa akili waliambukizwa homa ya ini kwa makusudi. Wazazi walitia saini, lakini ilifika wakati ambapo njia rahisi ya kumpatia mtoto nafasi ilikuwa kupitia utafiti huo. Saini zilikuwepo, uhuru wa kukataa haukuwepo.

Kashfa za namna hiyo, pamoja na ile ya Tuskegee iliyofichuliwa 1972, ambako wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba, ndizo zilizoleta sheria ya Marekani ya 1974 iliyozitaka taasisi ziunde bodi za kupitia utafiti unaohusu watu. Ripoti ya Belmont ya 1979 ikataja misingi mitatu: kumheshimu mtu, kumtendea mema, na kutenda haki. Fomu nyingi ambazo wanafunzi wa Kigali, Dar es Salaam na Nairobi huzijaza leo zimetokana na misingi hiyo.

Afrika Mashariki ilikuwa na chimbuko la pili. Serikali changa zilitaka kujua nani anafanya utafiti ndani ya mipaka yao. Tanzania iliunda baraza la utafiti, UTAFITI, mwaka 1968, kisha tume ya COSTECH mwaka 1986. Kenya ilitunga sheria yake ya sayansi na teknolojia mwaka 1977, na tume ya NACOSTI ikafuata 2013. Uganda iliunda baraza lake la taifa la sayansi mwaka 1990. Kibali cha aina hii kinahusu nchi kumjua mtafiti. Kibali cha maadili kinahusu kumlinda anayeulizwa. Mwanafunzi anayevichanganya viwili hivi hudhani kwamba akipata muhuri wa serikali amemaliza wajibu wake kwa mtoto, na hapo hukosea.

Nchini Rwanda njia hizo mbili zilikutana katika mazingira ya pekee. Baada ya 1994 watafiti walimiminika kutoka kila pembe ya dunia, wakiwataka manusura, wajane, yatima na wafungwa wasimulie. Kuna waliosimulia mara nyingi bila kuona kilichoandikwa. Kwa aliyenusurika, swali linaloulizwa vibaya linaweza kuamsha ihahamuka, ule mshtuko ambao Wanyarwanda wanaufahamu vizuri hasa Aprili, wakati wa kumbukumbu. Utafiti wa afya ukawekewa Kamati ya Taifa ya Maadili, RNEC. Vibali vya utafiti vilivyokuwa vikitolewa na Wizara ya Elimu vikahamia Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichozaliwa 2013 kwa kuunganisha taasisi za umma za elimu ya juu, kina taratibu za kupitia maombi katika koleji zake, ikiwemo Koleji ya Elimu yenye makao Rukara, wilayani Kayonza. Mwaka 2021 ikaja sheria namba 058/2021 ya kulinda taarifa binafsi, inayotaka ridhaa ya mwenye malezi kabla ya kuchukua taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 16.

Tuchukue mwanafunzi wa ualimu anayetaka kujua kwa nini watoto wa shule moja ya Niboye hawafanyi vizuri hisabati. Kwa mtazamo wa haraka hakuna hatari yoyote. Lakini katika hojaji yake ameweka swali: baba yako anafanya kazi gani, mama yako yuko wapi? Katika darasa la Kicukiro maswali hayo yanaweza kumfikia mtoto ambaye baba yake yuko gerezani, au mtoto ambaye mama yake alibaki yatima mwaka 1994 na hapendi kuzungumza habari za ukoo. Kamati makini humuuliza mwanafunzi: swali hili linahusiana vipi na hisabati? Mara nyingi hakuna uhusiano, na swali hufutwa.

Kamati huuliza mengine pia. Majina yataandikwa au yatawekewa namba? Karatasi zitafungiwa wapi, na zitaharibiwa lini? Fomu ya ridhaa iko kwa lugha gani? Hili la mwisho lina uzito wake. Rwanda ilihamia Kiingereza kama lugha ya kufundishia kuanzia 2008, lakini wazazi wengi husoma Kinyarwanda. Fomu ya Kiingereza iliyotiwa saini na mama asiyeisoma haina tofauti kubwa na barua za Fernald.

Tena kuna suala la cheo. Mkuu wa shule anaweza kufungua lango. Hawezi kumkubalia mtoto. Mwalimu anayewatafiti wanafunzi wake mwenyewe ndiye pia anayesahihisha mitihani yao, na mtoto wa miaka 12 hawezi kumkatalia kirahisi. Kwa sababu hiyo inafaa mtu mwingine asiyewapa alama ndiye aombe ridhaa, na mtoto aambiwe waziwazi kwamba akikataa hakuna kitakachobadilika darasani.

Malalamiko ya wanafunzi nayo yana haki yake. Muda wa tasnifu ni mfupi, na ombi likikaa mezani wiki baada ya wiki, mwanafunzi hushawishika kukusanya data kwanza na kutafuta muhuri baadaye. Kwingi duniani kamati zilirithi fomu za madaktari, zilizotungwa kwa ajili ya dawa na sindano, na hojaji ya kusoma na kuandika haikai humo vizuri. Dawa ya kasoro hiyo ni vyuo kutenga njia fupi kwa utafiti usio na hatari, yenye tarehe ya kujibu inayojulikana, na kumfundisha mwanafunzi maadili kabla hajaandika swali la kwanza. Kuondoa kibali kungeirudisha shule mikononi mwa mtu mwenye orodha asiyeulizwa anaipeleka wapi.

Jambo moja bado halipewi nafasi ya kutosha: matokeo kurudi. Shule iliyotoa watoto wake na saa zake inastahili kupata angalau kurasa chache za Kinyarwanda zinazoeleza kilichogunduliwa. Hilo liwe sharti la kibali, na msimamizi wa tasnifu alifuatilie kama anavyofuatilia sura ya mwisho.

Na mzazi wa Niboye anayeletewa fomu na mtoto wake jioni asiitie saini kwa haraka kwa sababu ina nembo ya chuo. Aisome, au asomewe. Aulize ni nani atakayeyaona majibu ya mtoto wake, na yatahifadhiwa kwa muda gani. Asiporidhika akatae, kwa maana kukataa ni haki yake, na mtafiti aliyefundishwa vizuri atamshukuru na kwenda zake.